Karne ya Spana

Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa wa jeshi la Ujerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari aina ya Gaggenau, akikusudia kulikatiza bara zima hadi Swakopmund, kwenye pwani ya Atlantiki. Alifika tarehe 1 Mei 1909. Safari ilimla karibu miezi 21, na kwa sehemu kubwa ya miezi hiyo gari halikuwa linatembea. Lilikuwa limekaa porini likingoja vipuri kutoka Ulaya. Vitabu vinamtaja Graetz kuwa mtu wa kwanza kuivuka Afrika kwa gari, na sifa hiyo ni yake. Lakini fundi yeyote akisimuliwa safari hiyo ataona jambo jingine haraka: kwa sehemu kubwa ya njia ile hapakuwa na gereji. Gari likizima, safari imeishia hapo mpaka meli ilete chuma.

Historia ya magari katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa majina ya viwanda na ya madereva. Imeachwa nusu yake. Mashine zote zilizotamba hapa, kuanzia Land Rover ya bwana shamba hadi pikipiki ya bodaboda, zilibuniwa mbali, na hapa ziliishi kwa kadiri palivyokuwa na watu wa kuzifungua na kuzifunga tena. Ninataka kusimulia habari za watu hao.

Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Jenerali Jan Smuts aliyeongoza majeshi ya Waingereza aliingia Afrika Mashariki ya Wajerumani akiwa na magari ya deraya, malori mepesi ya Ford na matarishi wa pikipiki. Masika ikaikuta misafara njiani. Udongo mweusi wa mbugani ukishalowa, gurudumu linazunguka palepale na gari linakaa kwa tumbo. Farasi na nyumbu waliangamizwa na mbung'o. Mzigo ukahamia vichwani mwa watu: upande wa Waingereza peke yake walitumikishwa wapagazi wapatao milioni moja katika vita nzima, na makumi ya maelfu hawakurudi kwao. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi bado zinabeba jina la kikosi chao. Mahali ambapo gari lilishindwa kupita, au lilipoharibika bila wa kulitengeneza, binadamu ndiye aliyelipa.

Waliotangulia kulijaza pengo hilo walitoka ng'ambo. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901, iliwaleta wahunzi, maseremala na waashi kutoka Punjab, wengi wao Masingasinga. Reli ilipokwisha, baadhi yao walibaki. Mhunzi aliyezoea kunyoosha chuma cha behewa akaanza kunyoosha chesisi ya lori, na mwanawe akakulia chini ya gari. Katika miji midogo ya Kenya, Uganda na Tanganyika, gereji ya Kalasinga ikawa mahali ambapo kila mwenye gari alijua atafika siku moja, apende asipende.

Kijana wa Kiafrika aliingia gereji hizo kwa mlango wa nyuma. Alifagia, aliosha vipuri kwa petroli, alishika taa, alimpa mzee spana aliyoitaja. Mishahara ya ukoloni ilipangwa kwa rangi, na yeye alikuwa ngazi ya mwisho. Hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha. Alijifunza kwa jicho: ni nati ipi inafunguliwa kwanza, mlio upi ni wa valvu na upi ni wa beringi iliyokufa, pistoni inaingia ikiangalia wapi. Baada ya miaka kadhaa ya kushika taa aliweza kuishusha injini na kuirudisha bila kuulizwa, huku kwenye daftari la malipo bado akiandikwa kibarua. Hiyo dhuluma ilidumu miongo, na nadhani ndiyo sababu hata leo fundi wa mtaani hana mazoea ya kudai heshima ya kazi yake. Aliirithi kazi pamoja na unyonge wake.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta njia nyingine. Jeshi lilihitaji madereva na mafundi kwa maelfu, na lilikuwa na haraka. Askari wa Afrika Mashariki walipigana Ethiopia mwaka 1941, Madagascar mwaka 1942, kisha Burma mwaka 1944 na 1945. Nyuma yao kilikuwapo kikosi cha mafundi, East African Electrical and Mechanical Engineers, pamoja na vikosi vya uchukuzi vilivyoendesha malori katika matope ya Asia. Watu waliotoka vijijini walifundishwa injini kwa mpangilio, wakapimwa, wakapewa vyeo kwa ujuzi wao. Waliporudi nyumbani baada ya 1945 walikuta wakoloni walewale na mishahara ileile. Lakini sasa walikuwa wanajua.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ikaanzisha mpango wa karanga Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yalikusanywa matrekta yaliyotumika vitani, mengine kutoka Ufilipino, na vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta ya kung'olea miti. Ardhi ya Kongwa ilikauka ikawa ngumu kiasi cha kuyala majembe, mibuyu ikagoma, na matrekta yakafa kwa mamia. Mradi ulifutwa mwaka 1951 ukiwa umeteketeza takriban pauni milioni 36. Wachumi na wanahistoria wamekwisha kuusema sana upumbavu wa mpango huo. Kwa upande wa gereji kuna jambo ambalo halisemwi sana: kwa miaka minne, katikati ya Ugogo, palikuwa na karakana iliyokuwa ikipokea mashine zilizovunjika kila siku. Waafrika waliofanya kazi humo waliona ndani ya gia, ndani ya pampu za dizeli na ndani ya minyororo ya buldoza mambo ambayo hakuna shule ingewaonyesha kwa wingi ule. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 shule ya ufundi ilifunguliwa Ifunda, Iringa, katika majengo yaliyowahi kuwahifadhi wakimbizi wa Kipolandi. Vijana waliotoka huko walikutana kwenye karakana za serikali na watu wa Kongwa na wa Burma. Hapo ndipo fundi mwenye cheti na fundi mwenye mikono walipoanza kufundishana.

Gari lililowakutanisha lilikuwa Land Rover.

Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alilifikiria mwaka 1947 baada ya kutumia jipu la vita shambani kwake Wales, na tarehe 30 Aprili 1948 lilionyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam. Chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza, kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu, mabamba bapa yaliyofungwa kwa ribiti na bolti. Mlango ulitoka kwa kuchomoa pini. Mbawa ya mbele ilifunguliwa ikawekwa chini ya mti, na injini ikabaki wazi mbele ya fundi. Gari hilo lilikusudiwa mkulima wa Uingereza, lakini halikupata mahali palipolifaa kuliko huku, ambako mkuu wa wilaya, mmisionari, bwana mifugo na mganga wa serikali wote walilipanda.

Lilikuwa na ugonjwa wake, na kila fundi aliujua: shafti ya ekseli ya nyuma. Dereva akiachia klachi kwa pupa gari likiwa limezama, au akipakia mizigo kupita kiasi, shafti inakatika kwa mlio mmoja mkavu, na gari linasimama huku injini ikiunguruma vizuri kabisa. Asiyejua huanza kuhangaika na giaboksi. Anayejua hukibonyeza chini kile kitufe cha njano karibu na lever ya gia, ekseli ya mbele inashika, na gari linajivuta taratibu hadi nyumbani kwa magurudumu ya mbele. Kazi ya kubadili si ngumu: bolti sita kwenye habu, shafti inavutwa nje kwa mkono. Shida ni kipande kilichobaki ndani. Hapo fundi hulala chali, akafungua upande wa pili, akachomeka chuma kirefu kupitia difu na kukigonga kile kipande polepole kitokee kilikokatikia. Akigonga kwa hasira anaharibu beringi. Nimewaona wazee wakiifanya kazi hii wamefumba macho, wakisikiliza chuma kinapogusa chuma, na sijaona kitabu kinachoweza kuieleza sawasawa.

Kuanzia mwaka 1953 ujuzi huo ulipata uwanja wa kuonekana. Coronation Safari, mashindano yaliyoanzishwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yaliyapitisha magari Kenya, Uganda na Tanganyika katika msimu wa mvua. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari Rally. Yalikuwa mashindano ya kuvunja magari. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Timu za Ulaya zilikuja na wahandisi, zikaondoka na vyuma.

Mtu aliyewashinda hakuwa mtoto wa tajiri. Joginder Singh alizaliwa mwaka 1932 Kericho, katika nyumba ya mwenye gereji, akafanya kazi ya ufundi tangu ujana, na mwaka 1958 akawa mtu wa kwanza wa doria wa chama cha wenye magari, yaani yule anayezunguka barabarani kuwaokoa walioharibikiwa. Mwaka 1965, akiwa na mdogo wake Jaswant, alishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya: ilikuwa imebaki hapa baada ya timu ya kiwanda kushindwa mwaka uliotangulia. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Katika Safari 22 alizoingia alimaliza 19, na mimi namba hiyo naiona kubwa kuliko ushindi wake wote wa mara tatu. Mashindano yale yalimtaka mtu asikie beringi inaanza kulia kilomita mia kabla haijafa, apunguze mwendo kabla ya korongo kwa sababu anajua springi imebakiza nini. Kenya ilimwita Simba, dunia ikamwita Singasinga Arukaye. Kericho walijua ni fundi.

Nyuma ya kila gari la Safari walikuwapo vijana waliokesha vituoni na mapipa ya mafuta, jeki na taa za karabai. Gari lilipoingia walikuwa na dakika chache za kubadili shokamzoba, breki na matairi, kisha likatokomea. Majina yao hayakuandikwa katika orodha ya washindi. Wengi wao ndio waliofungua gereji za Nairobi zilizotufundishia madereva na mafundi wa kizazi kilichofuata.

Wakati huohuo Wajapani walikuwa wameingia. Land Cruiser ya mfululizo wa 40 ilitoka mwaka 1960, na iliyoirithi, ya mfululizo wa 70, mwaka 1984. Badiliko la kwanza lililomgusa fundi lilikuwa sanduku la vifaa. Land Rover ya zamani ilifunguliwa kwa spana za inchi, Toyota kwa spana za milimita. Aliyekuwa na seti moja ilimlazimu kununua ya pili, na wale ambao hawakuweza walilazimisha spana ya inchi kwenye nati ya Kijapani mpaka kona zikaisha. Kwa muda mrefu uliweza kujua gari limepitia mikono ya nani kwa kuangalia vichwa vya bolti zake.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Uganda ilitangulia: Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na pamoja nao zikaondoka gereji, maduka ya vipuri na ujuzi wa vizazi vitatu. Tanzania ilifuata kwa njia yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983, kwa hiyo vipuri vya Nairobi vikawa mbali ghafla. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala magari na fedha za kigeni. Mafuta yakapanda bei, petroli ikawa ya mgawo, na Jumapili mchana magari ya watu binafsi yakazuiwa barabarani. Kipuri halisi kilihitaji kibali, na kibali kilihitaji miezi.

Kwa maoni yangu, miaka hiyo ndiyo iliyomtengeneza fundi wa Afrika Mashariki tunayemjua leo, kwa sababu ilimlazimu kuacha kubadili kipuri na kuanza kukitengeneza. Gasketi ilikatwa kwa mkasi kwenye boksi gumu na kupakwa grisi. Bushi za springi zilichongwa kutoka mpira wa tairi kuukuu. Springi ya Land Rover iliyokatika ilifungwa bamba lililopunguzwa kutoka springi ya lori. Beringi isiyopatikana iliwekwa nyingine ndogo, na fundi wa mashine ya kukerezea akachonga pete ya kujaza nafasi. Silinda iliyolika ilipanuliwa ikaingizwa pistoni ya gari jingine kabisa. Injini ya petroli ya Land Rover ilipokufa, ilitafutwa ya dizeli ya gari lolote, zikachomelewa kanda mpya za kuishikia, na kati ya injini na giaboksi likawekwa bamba la chuma lililotobolewa kwa kipimo cha jicho na kamba.

Gerezani ya Dar es Salaam, Katwe na soko la Kisekka la Kampala, barabara ya Kirinyaga ya Nairobi ambayo wengi bado wanaiita Grogan: yote hayo yalipata nguvu yake kwa kazi ya namna hiyo. Upande wa Kenya mafundi wa juani walikuwa wakifukuzwa mara kwa mara na askari wa halmashauri, mpaka mwaka 1985 Rais Moi alipowatembelea wa Kamukunji na kuahidi vibanda vya kuwakinga na jua. Jua kali likawa neno la sera. Tanzania, bajeti ya 1984 iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, vipuri vilianza kurudi madukani, lakini mikono ilikuwa imeshajua njia yake.

Pikipiki katika miaka yote hiyo ilikuwa chombo cha wachache. Bwana shamba alipewa Yamaha au Honda ya njia mbaya, padri alikuwa nayo, polisi alikuwa nayo. Zanzibar na Dar es Salaam palikuwa na Vespa. Fundi wa pikipiki mara nyingi alikuwa fundi baiskeli aliyepanda cheo. Mapinduzi yake yalianzia mahali pengine kabisa, kwenye meza ya wahandisi wa Honda, na kisa hicho kinastahili kusimuliwa polepole.

Honda ilikuwa ikiuza katika nchi za Asia pikipiki ya 125 yenye kamshafti juu ya hedi, inayozungushwa na cheni. Ilikuwa injini nzuri, ilimradi mwenyewe abadili oili kwa wakati. Zilikuwa zikirudi zimekufa. Wahandisi walitumwa kwenda kutazama wenyewe, wakaona hali ambayo msomaji wa hapa hahitaji kuelezwa: watu watatu juu ya pikipiki moja, gunia nyuma, vumbi, na oili haibadilishwi mpaka iwe nyeusi ya lami. Oili ikipungua, hedi ndiyo inayokauka kwanza kwa kuwa iko juu, na kamshafti inaila aluminiamu inamokaa. Wangeweza kuwalaumu wanunuzi. Badala yake walikaa chini wakabuni injini upya. Kamshafti waliishusha chini, karibu na oili, ikazungushwa kwa gia, cheni ikaondolewa, na valvu zikasukumwa kwa fito mbili ndefu. Cheni ya gurudumu ilifunikwa yote isipate mchanga. Hiyo ndiyo CG125, iliyotoka mwaka 1976.

Kwa macho ya Ulaya ulikuwa ni kurudi nyuma. Kwa macho ya fundi ilikuwa mashine iliyomfikiria. Injini yake inashushwa na kufunguliwa kwa spana chache, 8, 10, 12, 14, 17, na kilichomo ndani kinaeleweka kwa kukitazama.

Pikipiki hiyo ilinakiliwa China, hasa katika mji wa Chongqing, ambao uligeuka kuwa mji wa pikipiki. Zuo Zongshen, ambaye kampuni yake ya Zongshen ilikuja kuwa miongoni mwa kubwa za China, alianza na kibanda cha kutengeneza pikipiki mwaka 1982. Alikuwa mtu wa spana, na alijua ni injini ipi inayosamehe.

Huku kwetu njia ilikuwa imeshasafishwa na baiskeli. Mpakani Busia, tangu miaka ya 1960, vijana walibeba abiria na mizigo kati ya Kenya na Uganda, na jina la bodaboda likazaliwa. Pikipiki ziliingia kazi hiyo Uganda kwanza, katika miaka ya 1990. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, na pikipiki mpya zilizosajiliwa, ambazo zilikuwa elfu chache kwa mwaka, zikapita laki moja kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 2010. Tanzania ilitunga kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za abiria mwaka 2010, wakati vijiwe vilikuwa vimeshajaa. SanLG, T-Better, Fekon na nyingine za China zilishuka bandarini kwenye maboksi, zikafuatiwa na Boxer na TVS za India. Nyingi za Kichina, ukizivua kava, ndani unaikuta ile CG ya 1976.

Hapo fundi akapatikana kila kona. Kibanda cha mabati, benchi, kompresa kama kuna umeme, sufuria ya kumwagia oili chafu, na vijana watatu. Kazi yao inaenda kwa saa, kwa sababu dereva ana hesabu ya bosi jioni, au yuko kwenye mkataba na wiki haimsubiri.

"Fundi, inapiga kelele juu hapa, halafu ikipanda mlima inachoka."

"Zima. Iache ipoe kwanza."

"Nina abiria wa saa nane, kaka."

"Ikiwa ya moto nitakudanganya. Keti."

Fundi yule alikuwa na haki. Valvu hupimwa injini ikiwa baridi, nafasi ikiwa sehemu ndogo mno ya milimita, kwa CG takriban 0.08. Anafungua kifuniko cha juu, anazungusha magneti mpaka alama ifike, anaishika roka kwa vidole viwili na kuitikisa. Ikicheza sana, ndiyo kelele. Isipocheza kabisa, valvu haifungi na nguvu inavuja, ndiyo kuchoka mlimani. Analegeza nati kwa spana, anageuza skrubu kidogo, anakaza, anatikisa tena. Kisha plagi: anaisugua kwa msasa na kupima mwanya wake kwa kipande cha blade ya msumeno wa chuma, ambao unene wake unakaribiana na mwanya unaotakiwa. Robo saa imekwisha. Malipo ni madogo, na mara nyingi ni ya kesho.

Wapo mafundi wabaya, na dereva yeyote atakutajia: anayechomoa kipuri kizima na kurudisha kibovu, anayefunga feki kwa bei ya halisi, anayekaza kwa nyundo. Lakini mfumo mzima unaegemea kijana anayejifunza bila mshahara kwa mwaka au miwili, analala kibandani akilinda pikipiki za wateja, hana bima wala miwani ya kuchomelea. Oili iliyotumika ina kemikali zinazoweza kuleta saratani ya ngozi, na vijana wanaiosha mikononi kwa petroli, ambayo inaifungua ngozi zaidi. Vumbi la breki za zamani lilikuwa na asbesto, nao wanalipuliza kwa mdomo. Glovu na sabuni ya maana vingegharimu kidogo kuliko kofia ya kampeni. Sioni sababu ya nchi zinazotegemea mikono hii kila asubuhi kushindwa kuilinda.

VETA, mamlaka ya ufundi stadi ya Tanzania iliyoanzishwa mwaka 1994, na bodi za mitihani ya ufundi za Kenya zimefungua mlango mmoja mzuri: fundi wa mtaani anaweza kupimwa kwa anachokijua na kupewa cheti bila kuanza darasani upya. Wachache wanaujua mlango huo, na ada inawazuia baadhi yao.

Kwa upande wa magari, kazi ya porini haijafa. Arusha zipo karakana zinazoikata Land Cruiser katikati, kuirefusha, kuipa paa la kuinuka na viti vya watalii, na wengi wanaozipanda hawajui kwamba kiwanda hakikuitengeneza hivyo. Injini ya 1HZ ya mwaka 1990, silinda sita za dizeli bila kompyuta, bado inatafutwa mitumba kwa sababu fundi wa Karatu anaweza kuifungua. Land Rover Defender ya zamani ilikoma kutengenezwa Solihull tarehe 29 Januari 2016. Huku haijakoma, kwa sababu inaendelea kuundwa kutoka kwa marehemu wake.

Badiliko linaloingia sasa ni la umeme. Kigali, kampuni ya Ampersand imekuwa ikiendesha biashara ya pikipiki za umeme tangu 2019: dereva anafika kituoni, anaacha betri tupu, anachukua iliyojaa. Nairobi, kampuni ya Opibus iliyoanza mwaka 2017, ambayo sasa inaitwa Roam, ilianza kwa kuyang'oa injini magari ya safari na kuyatia mota. Fundi aliyewahi kuiweka injini ya dizeli mahali pa petroli haishangai kazi hiyo. Vipimo vya kuishikia mota ni hesabu ileile aliyoifanya mwaka 1981 kwa kamba.

Kinachomtia wasiwasi ni kwingine. Katika pikipiki ya umeme, breki, beringi za gurudumu, shokamzoba, taa na fremu bado ni zake. Betri si yake, na katika mfumo wa kubadilishana si ya dereva pia: ni mali ya kampuni, imefungwa, na anayeifungua anavunja mkataba. Kompyuta inayoiongoza mota haisemi tatizo lake mpaka iunganishwe na kifaa kilichoko kwa wakala. Pikipiki mpya za petroli zenye kupulizia mafuta kwa umeme badala ya kabureta zimeanza kuwa hivyohivyo. Vijana wa vibandani wanaonunua mita za umeme na kufuatilia waya mmoja baada ya mwingine, wakichora wenyewe mchoro ambao kiwanda hakikuwapa, wapo tayari. Serikali za Nairobi, Dodoma, Kampala na Kigali zinapotoa misamaha ya kodi kwa kampuni hizi, masharti haya yanaweza kuandikwa ndani yake: mchoro wa waya utolewe, kifaa cha kupimia kiuzwe kwa fundi yeyote, na kipuri kipatikane dukani.